Vidole vya Wakiuru

Mutanu alipofika Nyeri kutoka Kitui alikuwa na shahada ya ukutubi, sanduku moja na koti lisiloweza baridi ya Julai. Miaka ilipita, koti likabadilishwa, naye akapanda cheo hadi akawa mkuu wa maktaba ya chuo kimoja cha walimu kilichojengwa mteremkoni, juu ya mji. Watu walimjua kama mwanamke asiyependa mabishano. Ukimletea swali, alikusikiliza, akaenda kuangalia mwenyewe, akarudi na jibu. Kwa kawaida jibu lilikuwa sahihi.

Mwaka ambao idara kadhaa ziliomba filamu za kufundishia, mabishano yalimfuata ofisini. Mtandao wa chuo ulikuwa unakatika kila wingu linapokaa juu ya mlima, na tawi la chuo lililoko Kianyaga, kule Kirinyaga, halikuwa na mtandao wa kutegemewa hata jua likiwaka. Kwa hiyo filamu zingenunuliwa kwenye diski. Lililobaki ni kuamua diski za aina gani.

Daktari Wamae, aliyefundisha utengenezaji wa filamu, alitaka Blu-ray. Alikuja kikaoni na diski mbili zenye filamu ile ile, akazionyesha ukutani, moja baada ya nyingine. Kwenye DVD, shamba la chai lilikuwa kijani. Kwenye Blu-ray, ungeweza kuona jani moja limegeuzwa na upepo.

"Sasa mwanafunzi nitamfundisha mwanga namna gani, kama mwanga wenyewe hauonekani?" akauliza.

"Picha ni nzuri," Mutanu akakubali. "Lakini kule Kianyaga wataiangalia na nini?"

"Tuwanunulie mashine yake."

"Na ikiharibika?"

Mutanu alikuwa ameshakwenda Kianyaga. Alikuwa amefungua makabati akakuta deki za DVD, kuukuu lakini nzima. Alikuwa amewauliza mafundi wa mjini Nyeri, wakamwambia deki wanaitengeneza wakiwa wamefumba macho, ila hiyo mashine nyingine hawajawahi kuifungua hata mmoja wao. Kompyuta za wanafunzi, zile zilizokuwa bado na mahali pa kuingiza diski, zilisoma DVD tu. Hata DVD zenyewe alikuwa amezichambua, kwa sababu watengenezaji huzifunga kwa maeneo ya dunia, na zile zilizoletwa na wageni kutoka Marekani zilikataa kabisa kufunguka kwenye deki za huku.

"Madam, unatununulia kitu ya jana," Wamae akasema.

"Nanunua kitu ambayo mtu anaweza kufungua, Daktari."

Kikao kikamuunga mkono Mutanu, na Wamae akakubali shingo upande. Wiki hiyo Mutanu akaandika kanuni fupi. Filamu zote za maktaba zingewekwa kwenye DVD, pamoja na zile ambazo chuo chenyewe kinapiga. Filamu ikishaingia kwenye diski, faili yake ingefutwa kwenye kompyuta ya maktaba, kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu. Sehemu hiyo ya pili ilisomwa kikaoni na kupitishwa bila mtu kuinua mkono.

Karibu kila mtu alifaidika. Walimu wa sayansi walionyesha moyo wa ng'ombe ukipasuliwa. Kianyaga waliomba diski zaidi. Mwalimu mmoja aliyekuwa mazoezini karibu na Chaka alizichukua akazionyesha shuleni kwa televisheni ya mwenye nyumba wake. Mutanu aliona diski zikirudi na alama za vidole, na hilo kwake lilikuwa jambo zuri, maana kitu kinachoshikwa kinatumika.

Aliyerudi na malalamiko alikuwa Benter Ouko, mwalimu wa lugha ya ishara. Benter alikulia karibu na Homa Bay na kuzoea Nyeri kwa shida. Alisema watu wa huku wanaongea kama wanaogopa kufungua mdomo baridi isiingie. Alikuwa na wanafunzi wachache viziwi waliosomea ualimu, na wawili kati yao, Lennox na Shirleen, alikuwa amewapeleka Giakanja mwaka uliotangulia kumpiga filamu mwanamke mzee aliyeitwa Wakiuru.

Wakiuru alizaliwa kiziwi na hakuwahi kuona mlango wa shule. Yeye na kaka yake, aliyekuwa kiziwi pia, walijitungia lugha yao ya mikono wakichunga mbuzi, na nyumba nzima ikaifuata. Kaka alikufa. Wakiuru akabaki na lugha ambayo hakuna mwingine duniani aliyeshiriki kuitunga. Lennox na Shirleen walikaa naye alasiri nyingi hadi wakaanza kumwelewa, ishara moja baada ya nyingine, huku Benter akishika kamera. Walipomaliza, Benter alipeleka filamu yote maktaba, kadi za kamera zikarudi idarani na kutumiwa kwa kazi nyingine. Maktaba ikazibana zile saa zote ndefu ndani ya DVD chache na kufuta faili, kama kanuni ilivyosema.

Sasa Benter aliweka diski mezani kwa Mutanu. Alikuwa amekuja na Lennox, kijana mrefu mwenye subira usoni.

"Madam, hebu tuangalie pamoja. Sitaki kukuambia kitu kabla hujaona."

Wakaiangalia kwenye kompyuta ya Mutanu. Wakiuru alikuwa ameketi uani, kuku wakipita nyuma yake, mikono yake ikienda mbio. Benter alitafsiri kwa sauti ya chini. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipokuwa wakipigana na Mau Mau. Watu wa Giakanja walikuwa wamehamishiwa kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki. Wakiuru alikuwa mtoto. Alitoka na mtungi kwenda mtoni saa ambayo watu walikuwa wamekatazwa kutoka. Homugadi, askari wa kienyeji wa wakoloni, wakampigia kelele asimame, naye akaendelea kutembea, kwa kuwa kelele kwake haikuwa kitu. Walikuwa wanaume wawili, wote wa ukoo mmoja, wote aliwafahamu. Mmoja alimpiga kwa kitako cha bunduki hadi akaanguka. Mwingine alimkinga kwa mwili wake, akamfunika kwa koti lake, akamwashiria yule mwenzake ampige yeye.

"Hapo sasa," Benter akasema. "Simamisha. Anataja majina. Yule mmoja, jina lake ni kidole kilichokunjwa, kinagusa kidevu. Yule mwingine ni kidole kilichonyooka, kidevuni pia. Hayo majina alitueleza siku nyingine, hiyo sehemu inaonekana sawa kwa sababu alikuwa akienda polepole. Lakini hapa ana uchungu, anaenda haraka."

Mutanu aliirudisha nyuma, akaicheza tena. Mkono ulipanda kidevuni mara mbili. Mara zote mbili, mahali pa vidole palikuwa na ukungu wa rangi ya ngozi, umekatikakatika kama kitambaa kilichofumuka. Hakuna mtu angeweza kusema kama kidole kilikunjwa au kilinyooka. Aliyempiga mtoto na aliyemfunika kwa koti walikuwa ukungu ule ule.

"Ninyi mlikuwa pale," Mutanu akasema. "Hamkuona?"

Benter akamtafsiria Lennox, naye Lennox akajibu kwa mikono.

"Anasema aliona. Anasema aliyepiga ni yule wa kidole kilichokunjwa. Shirleen naye anasema ni kile kilichonyooka. Tangu juzi hawaongei. Mimi nilikuwa nahangaika na betri ya kamera. Nilijua tutaangalia baadaye."

Mutanu alifungua kompyuta ya maktaba ingawa alijua hatakuta kitu. Kisha akampigia simu Wamae, akamweleza, akamwuliza kama kuna njia ya kuzirudisha faili. Wamae alikuja na mashine yake, akakaa nayo hadi mchana ukaisha. Mahali zile faili zilipokuwa, vitu vingine vilikuwa vimeshaandikwa juu yake mara nyingi. Na kutoka kwenye DVD, akasema, huwezi kutoa kitu ambacho hakikuingia.

"Yeye bado yuko hai?" Wamae akauliza.

"Yuko," Benter akasema. "Lakini alipatwa na kiharusi baada ya Krismasi. Mkono wa kulia umekufa."

Wakaenda Giakanja Jumamosi moja, kwa gari la Wamae, ambaye alijitolea yeye mwenyewe na kamera yake nzuri kuliko za chuo. Benter, Lennox na Shirleen walikaa nyuma, Shirleen akitazama dirisha lake na Lennox la kwake. Mutanu alikaa mbele. Hakuna aliyemwalika. Alisema tu kwamba anakuja.

Waliwakuta Wakiuru na mke wa mwanawe, Warigia, wakiota jua uani. Warigia alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye viatu vya mpira vyenye matope ya shamba la kahawa. Mwaka uliotangulia hawakuwa wamekutana naye ipasavyo, kwa kuwa ulikuwa msimu wa kuvuna na yeye alikuwa shambani tangu asubuhi hadi jioni. Aliwaletea chai ya maziwa, akawauliza habari za chuo, akamwuliza Mutanu kama Ukambani kumenyesha.

Mkono wa kulia wa Wakiuru ulikuwa umelazwa mapajani, umefunikwa kwa leso. Alimtambua Lennox, akacheka kwa sauti ndogo nene ambayo haikuwa na habari kwamba inasikika. Kisha akainua mkono wa kushoto kusema kitu, akaanza, akakwama. Ishara nyingi katika lugha yake zilitaka mikono miwili. Alijaribu tena. Akaupiga ule mkono uliokufa kwa ule uliokuwa hai, kama mtu anayemwamsha mvivu.

"Ngojeni," Warigia akasema.

Akavuta kigoda, akakiweka upande wa kulia wa mama mkwe wake, nyuma kidogo, akakaa, akapitisha mkono wake mbele hadi ukawa mahali ambapo ule mwingine ungekuwa.

"Tunafanyanga hivi," akawaambia. "Akitaka kusema maneno refu, mimi ni mkono yake. Yeye huko, mimi huku. Haya, Cucu," akamwita mama mkwe kama wajukuu wamwitavyo bibi yao.

Wakiuru akaanza upya. Mkono wa kushoto ulikuwa wa mzee, mwembamba, wenye mishipa. Ule wa kulia ulikuwa wa Warigia, mpana, wenye kucha zilizopakwa weusi na maganda ya kahawa. Lakini sentensi ilikuwa moja. Warigia alipokosea umbo, Wakiuru alimgonga vidole na kuvinyoosha mwenyewe, naye Warigia akacheka na kusema, "Ati sio hivyo? Sawa basi." Wamae alilazimika kusogeza kamera nyuma ili wote wawili waingie. Hakusema lolote juu ya mwanga.

Walipiga filamu hadi chai ikapoa vikombeni na kuletwa nyingine. Wakiuru alieleza tena namna yeye na kaka yake walivyowapa mbuzi majina. Alieleza harusi yake, na mume aliyekataa kujifunza ishara mwaka mzima, kisha akajifunza zote kwa mwezi mmoja alipougua na kumhitaji. Shirleen alicheka hadi akamgusa Lennox begani, kisha akakumbuka kwamba hawaongei.

Hatimaye Lennox akauliza. Alichora handaki hewani, akachora mtungi, akaonyesha wanaume wawili, akafungua viganja. Nani alikuwa nani?

Wakiuru akaanza. Ukaja mtungi, ikaja njia ya mtoni, ikaja asubuhi ya baridi ambayo pumzi inaonekana. Mkono wa Warigia ulikuwa ukienda polepole sasa, ukiwa haujui unakoelekea. Wanaume wawili wakatokea. Mkono wa kushoto wa Wakiuru ukapanda kuelekea kidevuni, na jina lile halikuhitaji mkono wa pili. Wamae alisogea karibu na kamera. Mkono ukafika karibu na kidevu, ukasimama hapo, ukashuka.

Alisema kitu kifupi. Lennox akarudia swali. Wakiuru akasema kile kitu tena, bila hasira, akamwelekezea Lennox kidole.

"Anasemaje?" Mutanu akauliza.

Benter ndiye aliyejibu. "Anasema: nilisema. Wewe uliniangalia."

Lennox aliinamisha kichwa. Warigia alikuwa bado ameshika mkono wake hewani.

"Hiyo maneno ni gani?" akauliza. "Ya wanaume na mtoni? Mimi sijawahi kuiona." Aliwatazama mmoja mmoja. "Nimeolewa hapa, nimezaa hapa, nimemzika mzee wake hapa. Hiyo hajaniambia hata siku moja. Nyinyi aliwaambia?"

"Alituambia," Benter akasema.

"Yote?"

"Yote."

Warigia akaushusha mkono, akaufuta kwenye gauni. "Basi aliwapenda," akasema, akaenda kutazama moto jikoni.

Wakiuru hakulirudia jambo hilo. Alidai kuonyeshwa kamera, akajiona ndani ya kioo chake kidogo, akaurekebisha kilemba chake na kuashiria waendelee na mambo mengine.

Jioni, walipokuwa wakirudi, Benter alikaa dirishani na viziwi wawili walikuwa wamelala kando yake, vichwa vimeegemeana. Karibu na mji, Mutanu akamgeukia Wamae.

"Tungekusikiliza wewe, ile filamu ingebaki."

"Ingebaki kwa Blu-ray ambayo Kianyaga hawana mashine ya kuiona," Wamae akasema. "Na hizo faili hata mimi ningefuta, Madam. Nilikuwa kwa hicho kikao. Niliangalia aina ya diski, hiyo ingine sikuangalia."

Mutanu hakuwa mtu wa kulia mbele ya watu, na hakulia. Jumatatu aliandika kanuni nyingine. Filamu ambayo chuo kimepiga chenyewe haitafutwa kamwe. Itawekwa kama ilivyotoka kwenye kamera, nakala moja Nyeri na nyingine Kianyaga. Filamu za lugha ya ishara, na zile za Wamae, zingekuwa kwenye Blu-ray, na mashine ya kuzisoma ikanunuliwa. Nyingine zote zingebaki DVD, bila kubanwa mno. Mtu mmoja kikaoni aliuliza kwa nini maktaba iwe na aina mbili, si ni usumbufu. Mutanu alimwambia ni usumbufu, ndiyo, na akaendelea kusoma.

Alipoingiza zile diski za kwanza za Wakiuru kwenye orodha ya maktaba, alifika mahali pa kueleza yaliyomo. Aliandika kwamba mzungumzaji anawataja wanaume wawili na kwamba majina hayasomeki. Alifikiria kueleza sababu. Akaieleza kwa sentensi moja, akataja kanuni na mwaka, akaendelea na diski iliyofuata. Lennox na Shirleen walipatana kabla ya mtihani, ingawa kila mmoja alibaki na jina aliloamini kuwa ni la aliyepiga.

Filamu mpya ilionyeshwa ukumbini mwishoni mwa muhula. Wakiuru hakuweza kusafiri. Warigia alikuja peke yake, amevaa sweta la kanisani, akakaa safu ya mbele kati ya Benter na Mutanu. Ukutani, mikono ile miwili ilikuwa mikubwa kuliko mlango, na kila kidole kilionekana, hata kovu dogo la panga kwenye gumba la Warigia. Wanafunzi viziwi waliinuka mmoja mmoja kusogea karibu. Warigia hakuondoa macho kwenye mkono wake mwenyewe.

"Kumbe nakosea sana," akanong'ona.

Baada ya watu kutoka, alimfuata Mutanu ofisini na kuomba diski moja apeleke nyumbani.

"Mko na mashine gani?" Mutanu akauliza.

"Tuko na deki. Ile ya kawaida. Mzee wangu alinunua mitumba hapo Chaka, inafanya vizuri."

Mutanu akamweleza polepole kwamba deki ile haitasoma diski waliyotazama ukumbini. Anaweza kumtengenezea DVD, lakini Wakiuru akienda haraka vidole vitapotea. Haitakuwa kama alivyoona leo. Mtu hataweza kusoma kila neno.

Warigia alimsikiliza hadi mwisho, mkoba wake ukiwa magotini.

"Lakini Madam," akasema, "mwenye kuiangalia ni Cucu mwenyewe. Unafikiri atashindwa kujua alikuwa anasema nini?"

Mutanu akageukia kompyuta, akaingiza diski tupu. Wakangoja pamoja, Warigia akieleza habari za bei ya kahawa mwaka huu na za mtoto wake aliyepata kazi ya polisi Meru. Diski ilipotoka ilikuwa bado na joto. Mutanu aliandika juu yake jina la Wakiuru kwa kalamu nyeusi, akaongeza la Warigia chini yake, akaitia kwenye mfuko wa karatasi. Warigia aliichungulia, akayasoma majina, akacheka, akauweka mfuko mkobani kando ya mkate, akaaga na kushuka mteremko kuelekea mjini.